Fani Niliyochaguliwa Barazani

Mara ya tatu mwalimu aliponirudishia ile foronya, akaniambia pindo limekwenda kombo, nifumue nianze upya, sikufumua. Niliikunja ikawa ndogo kama leso ya mkononi, nikaiweka juu ya meza yake, sindano nikaichomeka kwenye kijimto chake, nikalitungua buibui langu msumarini.

"Unakwenda wapi, bibi?"

"Nnakwenda kuuliza nani kanileta hapa."

Vyerehani vilinyamaza kimoja kimoja. Mwalimu alikuwa mwanamke mpole, mtu wa Mkunazini, na upole wake ndio ulioniponza wiki zote zile, maana mtu mpole humwonei haya kumkasirikia tu, unajionea haya na nafsi yako.

"Sote tulianza kwa kufumua," alisema.

"Kosa si lako, mwalimu. Wala si la foronya."

Mmoja kati ya wenzangu, aliyekaa nyuma karibu na dirisha, akasema kwa sauti ya kusikika, "Mwacheni, maziwa yamempanda kichwani." Wakacheka. Hakukosea sana. Mwanangu alikuwa na miezi minane, nimemwacha kwa mama mkwe tangu asubuhi, na chini ya buibui gauni lilikuwa limerowa kifuani pande zote mbili. Maziwa ya mtoto yanamwagika kwa ajili ya foronya. Foronya mimi nimeshona tangu sijaota meno ya ukubwani. Za harusi yangu nilizidarizi mwenyewe, na hakuna aliyenifumulisha.

Wiki ya nne hiyo nimekaa katika darasa ambalo sikuliomba. Kila wiki nilikwenda ofisini kusema kuwa nimewekwa pasipo pangu, na kila wiki niliambiwa, "Subiri, bi mkubwa, itatazamwa." Nikasubiri. Nikajifunza kukata kitambaa kwa kipimo, kupika ubwabwa wa maziwa kwa saa ya ukutani, na kutandika kitanda kana kwamba atalala humo liwali. Siku ile nikaona nikifumua pindo lile mara ya tatu, nitafumua miaka miwili.

Nieleze basi nilitaka nini, maana nimechoka kuambiwa nina hasira bila ya mtu kuuliza za nini.

Chuo kile kilikuwa kipya, cha wakubwa waliomaliza skuli. Mtu anasoma miaka miwili anatoka na cheti, na cheti kile ndicho ngazi ya kwendea ng'ambo kusomea digrii. Lakini ngazi hazikuwa moja. Kila fani ilikuwa na digrii yake mbele, na aliyepanda ngazi hii hakuweza kurukia ile. Fani ya Mambo ya Nyumbani haikuwa na digrii yoyote mbele yake. Mwisho wake ni cheti, kikombe cha chai na picha ya pamoja.

Mimi nilitaka digrii ya ustawi wa jamii. Ndiyo kazi ya kuwashughulikia watu waliokwama: mjane, yatima, mzee aliyeachwa peke yake, mwanamke aliyetupwa na mumewe wala hana karatasi mkononi. Fani iliyokuwa ikielekea huko ilikuwa moja tu, Elimu ya Jamii.

Sikuichagua kwa pupa. Fomu niliiweka chini ya godoro siku kumi na mbili. Ualimu kila mtu alinitabiria, kwa sababu mwanamke aliyesoma hutabiriwa ualimu kama kuku anavyotabiriwa mchuzi. Mwalimu mkuu wangu wa zamani alinitumia salamu kabisa: njoo, kuna kiti. Nilimshukuru, sikwenda, kwa kuwa sina subira na watoto wa watu. Wangu mwenyewe ananitosha. Uuguzi niliupenda, lakini ulitaka mtu alale hospitali, nami nanyonyesha. Ukarani ni kupiga chapa barua za watu wengine mpaka mtu apofuke. Nilizipita zote moja moja nikiwa nimekaa juu ya kitanda, mtoto ubavuni, na kila nikifika kwenye Elimu ya Jamii nilikuwa nikimwona mwanamke mmoja wa Matemwe.

Nilipokuwa na mimba, mwanamke yule alipanga chumba cha chini katika nyumba iliyotukabili. Mumewe alivuka kwenda bara kutafuta kazi, hakurudi, hakuleta salamu. Ana watoto wawili. Akaniomba nimsindikize ofisi moja mjini iliyosemekana inasaidia watu kama yeye, kwa sababu nimesoma na yeye kusoma kwake ni msahafu tu. Tukaenda. Aliyekuwa kitini ni mwanamme, na wala hakuwa mtu mbaya. Alimkaribisha, akachukua kalamu, akaanza kumwuliza. Mumeo kakuacha kwa talaka au kaondoka tu? Mara ya mwisho mlilala nyumba moja lini? Huyu mdogo ni wake? Yote hayo, na nyuma yetu wamekaa wanaume watatu wanangojea zamu zao, kimya, masikio wazi.

Mwanamke yule alivuta buibui mpaka kwenye meno. Akasema, "Sina neno, bwana. Nilikuja kusalimia."

Akatoka. Wiki ile ile akarudi kwao Matemwe na wanawe, na sijui alikwenda kula nini. Mimi nilibaki nimesimama mbele ya ile meza na tumbo langu, nikaona kwa macho yangu kwamba kiti kile kinataka mwanamke akikalie, mwanamke aliyesoma hasa, asiyeweza kuondoshwa kwa neno la mtu. Basi. Sikuota ndoto wala sikuitwa na sauti. Niliona kiti.

Mume wangu, kabla hajahamishiwa Pemba kwa kazi ya karafuu, alisema, "Soma. Mtoto atakaa na mama." Baba mkwe alisema, "Hewala." Nimeishi katika nyumba ile mwaka wa tatu sasa, na nilipaswa kujua kuwa hewala ya baba mkwe ni neno la kufungia mazungumzo, si la kukubali.

Ofisi ilikuwa vichochoro viwili kutoka darasani. Karani aliponiona aliinuka, akainamisha macho kwenye daftari lake, kama anavyofanya kila nikiingia. Kijana wa watu, kanzu safi, anasali msikiti mmoja na baba mkwe.

"Bi mkubwa, si tulikwambia usubiri?"

"Nshasubiri. Leo nataka kuiona fomu yangu."

"Fomu ni ya ofisi."

"Mwandiko ni wangu."

Alifikiri kidogo, akaitoa. Nilipoandika Elimu ya Jamii palikuwa pamepigwa mstari mwekundu, mnyoofu, wa rula. Pembeni, kwa herufi ndogo za kupendeza, imeandikwa: Hatoweza kwenda mashamba. Apewe Mambo ya Nyumbani. Imethibitishwa na walezi.

"Walezi gani? Mume wangu yuko Pemba."

Ndipo akanieleza, na alinieleza kwa utulivu wa mtu aliyefanya wema. Fomu zilipokwisha kupokewa, chuo kiliamua kwamba wanafunzi wa Elimu ya Jamii watakwenda mashamba siku mbili kila wiki, wakaone watu wanavyoishi. Ikabidi kila aliyeomba fani ile aulizwe kama ataweza. Hilo tu. Swali la neno moja: utakwenda au hutokwenda.

"Nami nilikuja kwenu, bi mkubwa. Wallahi nilikuja kwa miguu yangu."

"Sikusikia hodi."

"Sikupiga hodi." Akanitazama mara ya kwanza, kana kwamba nimemwuliza kwa nini hakuingia chumbani. "Bwana hayupo. Nipige hodi kwa nani? Ingekuwa adabu hiyo?"

"Wanaume walioomba uliwauliza wapi?"

"Popote nilipowakuta. Mmoja sokoni, mmoja kazini kwake."

"Wenyewe?"

"Wenyewe."

"Na mimi?"

"Wewe tulikuuliza kwa heshima," akasema. "Nilikaa barazani kwa mzee. Ijumaa ile, baada ya sala. Alinikirimu sana, Mungu amzidishie. Kahawa, na visheti vizuri, vya iliki."

Niliiweka fomu juu ya meza.

Visheti vile nilivikaanga mimi.

Nyumba yetu ni ya ghorofa mbili, chumba changu kiko juu, na dirisha langu linaangalia kichochoro. Baraza ya baba mkwe iko chini yake sawasawa. Magoti yake hayataki ngazi, kwa hivyo akitaka kitu huita, nami nateremsha kikapu kwa kamba. Ndiyo desturi ya nyumba ile tangu sijaolewa. Mama mkwe alikuwa akiteremsha kabla yangu. Kimeteremka humo kila kitu, kofia, tasbihi, dawa ya kikohozi, hata mtoto wa paka aliyepotea. Akishapokea huvuta kamba mara mbili, maana yake ahsante, pandisha.

Ijumaa ile aliita, "Hebu tuteremshie chochote, tuna mgeni." Niliteremsha sahani ya visheti imefunikwa kawa. Kamba ikavutwa mara mbili. Nikapandisha. Nikawasikia wanacheka huko chini, nikasema moyoni wazee wamefurahi, na nikafurahi na mimi, kwa sababu visheti vilikuwa vimetoka vizuri na siku nyingine huwa vinakuwa vigumu.

Walikuwa wanaijadili habari yangu. Nilikuwa juu ya vichwa vyao, kamba mkononi. Mtu mmoja kati yao angeinua uso tu. Kile kikapu kilipanda kitupu mbele ya macho ya wanaume wanne, karani, baba mkwe na rafiki zake wawili, waliokuwa wanatafuta namna ya adabu ya kuniuliza swali la neno moja.

"Futa," nilimwambia karani. "Nitakwenda mashamba."

"Siwezi, bi mkubwa. Aliyethibitisha ndiye anayetengua. Mzee aje, au aandike. Lakini aje kabla ya orodha kufungwa, na orodha inafungwa Ramadhani haijaingia."

Zilikuwa zimebaki siku tisa.

"Na nikithibitisha mwenyewe?"

Aliigeuza fomu, akaipitisha kidole juu mpaka chini. Nakiri aliitafuta kwa uaminifu. "Haina pahala pa hilo," akasema.

Nilirudi nyumbani kwa mwendo ambao mwanamke hatembei Mji Mkongwe mchana. Wenyewe walikuwepo barazani: baba mkwe, aliyestaafu forodhani akabakia na sauti ya forodhani, na rafiki zake wawili wa kila siku, mmoja sonara, mmoja fundi saa. Mwanamke akipita mbele ya baraza hupita upesi, macho chini, salamu moja, anaingia. Mimi nilisimama.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Mbona mapema?"

"Nimeiacha foronya."

"Foronya ikiachwa, yakhe," sonara alimwambia fundi saa, "mtu atalalia nini?"

Wakacheka kidogo, wakaona sicheki, wakaacha.

"Baba, ile Ijumaa karani alipokuja, alikuuliza nini?"

"Alikuja na jambo la mashamba. Tukamweleza una mtoto mchanga, na mumeo hayupo. Akaona maana yake."

"Alikuja kuniuliza mimi."

"Nasi tukakujibia. Si kwa ubaya. Tukazitazama zile fani zote hapa, moja moja, tukakuchagulia yenye kivuli."

Moja moja. Siku kumi na mbili fomu imelala chini ya godoro langu, wao wameimaliza kwa kikombe cha kahawa.

"Nilikuwa juu. Uliniomba visheti. Ulipovuta kamba ungeliweza kunena maneno mawili."

"Neno lile lilikuwa zito kupandishwa kwa kikapu, bibi," fundi saa alisema.

"Kikapu kile kimepandisha pishi mbili za mchele. Kingelibeba."

Sonara alijikohoza. Dirisha la jirani likafunguka kidogo, na baba mkwe akaliona. "Mwanangu, ingia ndani. Haya ni mambo ya ndani."

"Yangekuwa ya ndani yasingeamuliwa njiani," nikamwambia.

Neno hilo nililisema mbele ya wenzake. Najua nilichofanya. Mjini kwetu unaweza kumnyima mzee chakula ukasamehewa upesi kuliko kumjibu barazani. Lakini aliinuka, akaingia ukumbini kwa ile hatua yake ya magoti, nami nikamfuata, na humo, hakuna mtu, ndipo tukazungumza kweli. Sitamsingizia. Hakunipigia kelele.

"Sina ubaya na kusoma kwako," alisema. "Soma hiyo hiyo."

"Hiyo hiyo haina digrii. Ile nyingine inayo. Andika mistari miwili tu, baba, kwamba ulijibu bila ya kuniuliza."

"Nikiandika hivyo, yule kijana ataambiwa kaandika uongo kwenye karatasi ya serikali. Kala kwangu. Nimvunjie uso wake?"

"Na wangu?"

"Wako hakuna aliyeuona," akasema, na nadhani aliamini kuwa ananipoza.

Nikamwuliza kwa nini basi hakusema tu kuwa hajui. Kwa nini hakusema, ngoja, mwenyewe yuko juu, tumwulize. Alinitazama kwa mshangao wa kweli, mshangao wa mtoto. "Mwenye nyumba akiulizwa habari za nyumbani mwake, juu ya baraza yake, mbele ya mgeni, aseme hajui?"

Hapo ndipo nilipoelewa, na kuelewa kuliniongezea hasira badala ya kuipunguza. Hakuna hata mmoja aliyenitakia shari. Karani aliona haya kupiga hodi. Baba mkwe aliona haya kusema hajui. Sonara na fundi saa waliona haya kumwacha rafiki yao peke yake na jibu. Haya zote hizo nne zilikusanywa sahani moja na visheti vyangu, na aliyezilipia ni mimi. Ningekuwa na adui ningejua pa kumkamata. Unamkamata wapi mtu aliyekudhulumu kwa adabu?

Nilimwandikia mume wangu barua siku ile ile, ikaondoka na meli ya Pemba. Jibu lilikuja siku ya tano, na katika jibu hilo kulikuwa na habari za mvua, habari za wachumaji karafuu, salamu kwa mama, mabusu ya mtoto, na mwisho kabisa, kwa mwandiko uliobanwa kwa kukosa nafasi: Nakuomba usimwaibishe baba. Nikija likizo tutazungumza. Likizo yake ilikuwa baada ya Idi. Orodha ingekuwa imeshafungwa mwezi mzima.

Niliikunja barua kama nilivyoikunja foronya.

Mama mkwe alikuwa uani anamwogesha mtoto kwenye beseni. Tangu siku ile ya barazani alikuwa haninenei ila la lazima, na mimi vilevile. Nikamwona anamimina maji mgongoni kwa mtoto taratibu, kwa kiganja, na bila ya kuniangalia akasema:

"Mie nlikuwa ngazini Ijumaa ile. Nlisikia."

Nilidhani sikusikia vizuri. "Ulisikia nini?"

"Yote. Yule sonara alitaka wakupe ukarani. Mzee akasema ukarani una wanaume. Wakaja kwenye hiyo ya nyumbani."

"Na hukuniambia, mama. Wiki nne naondoka asubuhi namwachia mtoto, unaniona narudi na vitambaa, na hukuniambia."

"Ningekwambia ungeshuka. Ungeshuka ingekuwa fujo."

"Na sasa?"

"Sasa umeshuka." Akamwinua mtoto, akamfunga kanga. "Na fujo imekuwa."

Nilimchukua mtoto nikapanda naye. Sikumsamehe, na naandika haya sijamsamehe bado. Yeye ndiye pekee kati ya wote aliyejua tangu mwanzo kuwa ni kosa. Wale wengine walikuwa na ujinga wa kujifichia.

Siku mbili nilikaa naandika malalamiko. Ya kwanza yalikuwa ya matusi, nikayachana. Ya pili yalikuwa ya kulia, nikayachana kwa hasira kubwa zaidi. Katika skuli yetu tulifundishwa kuandika barua ya serikali na kuimaliza kwa maneno "mimi mtumishi wako mtiifu," na nilipofika hapo kalamu ilisimama. Mtiifu nilikuwa wiki nne. Nikaliacha.

Asubuhi ya kupeleka, mama mkwe alikuja mpaka mlangoni kwangu. Kupanda ngazi zile kwake si jambo dogo. Alinitazama navaa buibui, akaiona karatasi juu ya kitanda.

"Umeniandika?"

"Nimekuandika."

"Basi andika kuwa nlisikia. Usiandike kuwa nlikubali."

Nikakaa nikaongeza mstari. Hajui kuandika kwa hati hizi, kwa hivyo nilimpaka wino kwenye dole gumba, akalikandamiza kwenye karatasi kwa nguvu, kama mtu anayeua mdudu. Akalifuta dole kwenye ncha ya kanga yake, akamchukua mtoto, akashuka.

Nilipita mbele ya baraza. Baba mkwe aliona karatasi mkononi mwangu, na rafiki zake wakaiona. Nikatoa salamu moja, macho sikuinamisha. "Marahaba," alisema peke yake.

Ofisini karani aliipokea kwa mikono miwili, akasoma mstari wa juu, rangi ikambadilika. "Nitaifikisha, bi mkubwa."

"Igonge muhuri kwanza. Zote mbili. Hii ya kwangu."

"Huna haja ya nakala, mimi nitashuhudia."

"Wewe umo ndani," nikamwambia. "Gonga."

Akagonga. Nakala yangu ninayo, iko pale pale fomu ilipokuwa, chini ya godoro. Nainakili kama ilivyo.

Kwa Mkuu wa Ofisi. Malalamiko kuhusu kubadilishwa kwa fani yangu bila ya mimi kuulizwa.

Mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa kwanza. Niliomba fani ya Elimu ya Jamii kwa mkono wangu, kwa kuwa nakusudia kusomea digrii ya ustawi wa jamii na hakuna fani nyingine inayofika huko. Ofisi yako ilipotaka kujua kama nitaweza kwenda mashamba, wanaume walioomba iliwauliza wenyewe. Mimi ikaniulizia barazani. Nilikuwa nyumbani saa ile, dirisha likiwa wazi, na niliwahudumia waliokuwa wakinijibia.

Waliojibu ni wazee wenye heshima zao na siwalalamikii kwako. Nao nitaonana nao nyumbani. Naishitaki ofisi, kwa kuwa ilikuja na swali langu ikaondoka na jibu la watu wengine, na ikaliandika kwenye karatasi yangu kwa wino mwekundu. Ikiwa ilikuwa vibaya kwa mwanamme kupiga hodi kwangu, ilikuwa haki ofisi itume mwanamke. Ikiwa haina mwanamke wa kumtuma, hiyo ndiyo sababu yangu ya kuomba fani ile.

Swali nalijibu sasa. Nitakwenda mashamba. Nitakwenda na mwanangu mbelekoni mpaka atakapoacha ziwa, na ningependa kuanzia Matemwe, ambako kuna mtu nina deni la kumsikiliza.

Naomba nirejeshwe katika fani yangu kabla orodha haijafungwa. Naomba pia kila fomu iwekwe pahala pa mwombaji kuthibitisha maneno yake mwenyewe, kwa kuwa karani wako alipatafuta mbele yangu na hakupaona.

Shahidi wangu ni mama mkwe wangu, aliyekuwa ngazini. Alisikia. Hakukubali. Dole gumba lake liko hapa chini.

Jibu la barua hii lisiachwe barazani. Atakayelileta apige hodi. Nikiwa juu, nitateremsha kikapu.